Parker Ackley, fundi wa bunduki asiyeficha kipimo

Leo tunaongelea fundi moja wa Marekani, Parker Otto Ackley. Alizaliwa mu 1903 kule Granville, jimbo la New York. Alisomea kilimo ku universite ya Syracuse, akamaliza mu 1927, lakini mashamba haikumushika. Mu 1936 alinunua ateliye ya bunduki kule Roseburg, Oregon, na kazi yake ikawa ile.

Jina lake lilienea juu ya kartushi ambazo viwanda havikuuza. Njia ilikuwa hivi: anapanua chumba cha bunduki, bega lake analisimamisha ku digrii 40. Kisha anapiga mule kartushi ya kawaida ya dukani. Moto unasukuma ganda mpaka linashika umbo mpya. Ganda lile linaokotwa, linatiwa fataki, baruti na risasi mpya, na sasa baruti inaenea mingi zaidi. Na kartushi ya dukani bado inatumika, mwenye bunduki habakie mikono mitupu.

Lakini kipimo ni kipimo. Kartushi ikicheza mu chumba, ganda linakatika karibu na kitako, na gesi inarudia mupigaji ku uso. Ndiyo maana Ackley alipunguza urefu wa chumba kwa inchi 0,004, kartushi ikamatwe nguvu mbele ya moto.

Kisha vita ya pili, alifundisha vijana ku koleji ya Trinidad, Colorado. Sisi watu wa sendika tunajua upande ule: ni eneo la makaa, na karibu yake ni Ludlow, kule wachimbaji waliogoma, na bibi na watoto, waliuawa mu 1914.

Ackley alipasua pia bunduki za jeshi makusudi, aone ipi inavumilia. Arisaka ya Kijapani, ile wengi walidharau, ndiyo ilivumilia kupita zingine. Majibu aliyaweka mu vitabu vyake vya miaka ya 1960, na kartushi zisizo na faida kubwa alizisema vilevile, hata zake mwenyewe.

Alikufa mu 1989. Sisi tunashika jambo moja: fundi anayeficha kipimo anatia mwenzake mu hatari. Iwe baruti ya kuwinda ao ya kupasua majiwe mu mugodi, mwenye kujua aseme mbele ya kazi, si kisha mazishi.