MANUTE BOL: SENTA ALIYETUPA MPIRA KUTOKA MBALI

Na Mwandishi Wetu, Haneti

Marehemu Manute Bol, Mdinka wa Turalei katika Sudan Kusini ya sasa, alikulia machungani, maisha ambayo Wagogo wa Haneti hawahitaji kuelezwa. Akiwa na urefu wa mita 2.31, alijiunga na ligi ya NBA ya Marekani mwaka 1985 kama senta wa Washington Bullets. Msimu huo wa kwanza alizuia mitupo 397.

Swali la nafasi yake lilipata uzito mwaka 1988 alipohamia Golden State Warriors. Kocha Don Nelson alimruhusu kutupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, kazi iliyozoeleka kwa wachezaji wafupi. Je, aliendelea kuwa senta? Kwa maoni ya mwandishi, ndiyo. Msimu huo mitupo yake ya mbali iliyoingia ni 20 tu kati ya 91, ilhali aliyozuia ni 345. Hadi anastaafu, alikuwa amezuia mitupo 2,086 na kufunga pointi 1,599.

Sehemu kubwa ya kipato chake aliielekeza kwa wahanga wa vita vya Sudan. Alifariki dunia nchini Marekani tarehe 19 Juni, 2010, miezi michache kabla ya kura ya maoni iliyoleta uhuru wa Sudan Kusini, na akazikwa Turalei.