Shaaban Robert, Karani Aliyejiendeleza

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, tukutanapo kila mmoja hutaja cheo chake. Mimi, mtumishi wa serikali mwenye shahada, napenda kumtaja karani asiyekuwa nayo.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam toka 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha hadi 1944. Masomo ya darasani yaliishia hapo. Ya kujisomea hayakukoma. Kazi ya ofisi haikumzuia kutunga mashairi, insha na hadithi. Alipofariki mwaka 1962 aliacha maandiko ya vitabu zaidi ya 20.

Mkewe Amina alipofariki, malezi hakuwaachia walimu peke yao. Alimtungia bintiye Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, kuwausia mwenendo mwema.

Sisi twalipa karo tukadhani tumemaliza. Lakini kijana amwonaye baba yake kilabuni kila jioni hujifunza kilabu, hata akihimizwa kusoma. Basi tuketi na watoto wetu jioni, kitabu mkononi, tuwausie wangali wanatusikiliza.