Bernhard Grzimek: Mjerumani aliyeipigania Serengeti, ikamchukua mwanaye

Kila mwaka watalii humiminika Serengeti kuona nyumbu wakihama. Mmoja wa walioifanya dunia iijue mbuga hiyo ni Bernhard Grzimek.

Alizaliwa 1909, akasomea udaktari wa mifugo. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ikiwa magofu kwa mabomu ya vita. Aliiongoza hadi 1974, huku akitangaza kipindi cha wanyama kilichompa jina kubwa kwenye TV.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitaka kubadili mipaka ya Serengeti. Ishu ni kwamba hakuna aliyejua vizuri wanyama wako wangapi na wanahamia wapi. Grzimek na mwanaye Michael wakajifunza urubani, wakaja na kindege chao cha mistari ya pundamilia, wakahesabu kutoka angani. Nyumbu hawakufika laki moja. Kumbe pia njia zao zilipita nje ya mipaka iliyopangwa.

Januari 1959, Michael akiwa peke yake angani, ndege iligongana na tumbusi na kuanguka. Alikuwa na miaka 24 tu. Baba alimzika Ngorongoro, akarudi kumalizia filamu yao. Mwaka 1960 ikashinda Oscar.

Mzee alikuwa mjanja pia. Aliwahi kutangaza kwenye TV safari ya bei poa ya Afrika Mashariki ambayo haikuwepo. Watu wakaiulizia, kampuni za utalii zikaona dili, zikaianzisha kweli.

Lakini kuna waliolipa gharama. Mwaka huohuo wa 1959, Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti na mifugo yao walihamishiwa Ngorongoro. Kwa Grzimek, hifadhi ya taifa haikuwa mahali pa watu kuishi. Mvutano huo wa watu na hifadhi haujaisha mpaka leo.

Leo nyumbu wanazidi milioni moja. Kilichowaongeza hasa ni chanjo ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiwaua. Na waliochanjwa hawakuwa nyumbu, bali ng'ombe wa wafugaji waliozunguka mbuga.

Grzimek alifariki Frankfurt mwaka 1987. Majivu yake yaliletwa Tanzania, yakazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kando ya Michael.