Carey Francis: Mwalimu Mkuu Aliyeshuka Kiti Akaenda Pumwani

Mtu wa Pwani aingiapo Nairobi kwa mara ya kwanza, akatembezwa mitaa ya Eastlands, hufika mahali moyo ukatulia ghafla. Mahali hapo ni Pumwani. Yalinipata hayo nilipokuja mjini kijana, natafuta kazi ya uandishi, nikapanga chumba Shauri Moyo. Jioni nilikuwa nikivuka kwenda Majengo. Huko nilikuta kanzu na kofia, nikasikia adhana, nikala mahamri kwa mbaazi, nikapita kando ya watoto wa chuoni wakisoma kwa sauti kama tulivyosoma sisi mbele ya maalimu wetu. Hata jina la mtaa nililipenda, maana Pumwani na Pwani hazipishani ila kwa silabi moja.

Sikudhani kuwa mtaa huohuo ungenipa habari za Mkristo mmoja, Mwingereza, aliyekufa kabla sijazaliwa, na kwamba habari zake zingenisumbua hata uzeeni.

Jina lake ni Edward Carey Francis. Wamjuao wengi humjua kwa Alliance, ile shule mashuhuri ya Kikuyu, na wazee wa Nyanza humjua kwa Maseno. Mimi namtaka yule wa Pumwani, kwa sababu huko ndiko alikonishinda. Lakini hatuwezi kufika Pumwani bila kupitia njia aliyoipita yeye.

Alizaliwa London mwaka 1897. Vita Vikuu vya kwanza vilimkuta kijana, akapigana katika kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu, na alizisoma hasa, hata mwaka 1922 akachukuliwa kuwa mwanachuoni na mwalimu katika chuo cha Peterhouse. Naomba msomaji akielewe kiti hicho. Kina heshima, kina mshahara, kina maktaba na utulivu, na aghalabu mtu akishakikalia haondoki ila kwa uzee. Bwana Francis alikikalia miaka sita. Mwaka 1928 alikiacha, akapanda meli kuja Kenya chini ya Jumuiya ya Wamishonari ya CMS, akawa mwalimu mkuu wa Maseno.

Wakristo wana kisa katika Injili cha kijana tajiri aliyetakiwa auze alivyo navyo awape maskini, akaenda zake kwa huzuni. Waandishi wengi wamemsifu Francis kwa kuwa kinyume cha kijana yule. Sifa hiyo ni haki yake. Hakuoa, hakuwa na watoto, aliishi kwa riziki ya mmishonari, na siku zake zote alizitumia kwa watoto wa wenziwe. Hata hivyo nasema, na anisamehe asiyekubali, kwamba kuiacha Cambridge si jambo linalonistaajabisha mno. Kijana huacha. Damu ingali moto, na dunia i mbele yake. Tena alipoacha kiti kimoja alipewa kingine, na mwaka 1940 alipohamishiwa Alliance alipata kiti kikubwa kuliko cha Cambridge.

Kwani Alliance ilikuwa shule gani? Iliasisiwa mwaka 1926 na umoja wa madhehebu ya Kiprotestanti, na Francis alikuwa mkuu wake wa pili. Aliiongoza miaka 22. Wavulana waliokwenda huko walikuwa wamechaguliwa nchi nzima mmoja mmoja, kama achaguavyo mtu lulu. Ronald Ngala wa kwetu Pwani, aliyekuja kuongoza chama cha KADU, alipita hapo, na wengine waliokuja kuwa mawaziri na mabalozi. Humo shuleni neno la Francis lilikuwa neno. Alikuwa mkali wa nidhamu, mpenda mpira wa miguu, mtu wa kengele na saa.

Wala si wote waliompenda. Oginga Odinga, aliyesoma kwake Maseno, hakukubaliana na mambo yake mengi. Francis alikuwa na tabia ya baba anayewatakia wanawe kila heri, bora wasimtangulie njiani. Kuhusu siasa ya Mwafrika kujitawala alikuwa mzito wa kuamini. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952 aliipinga Mau Mau waziwazi, lakini pia aliwapinga askari wa serikali kwa ukatili wao juu ya raia, na jambo hilo halikuwapendeza Wazungu wenziwe. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, ambaye kaka yake alikuwa msituni, alisoma Alliance kati ya mwaka 1955 na 1958, na ameieleza shule ile kuwa kama ngome penye vita.

Maalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitufundisha kwamba zuhudi ina ngazi. Kuipa mgongo mali ni ngazi ya chini. Ya juu kabisa ni kuupa mgongo ukubwa, maana kupenda kuamrisha ndiko kunakochelewa mno kumtoka mtu moyoni, hata mchaji. Tulimsikiliza huku tukiwazia samaki wa mchana.

Basi mwaka 1962 Francis aliondoka Alliance. Ana umri wa miaka 64, jina lake limeenea Afrika Mashariki yote. Angeweza kurudi kwao akapumzike. Angeweza kukaa karibu na shule yake ya zamani akawa mshauri asiyeombwa ushauri, kama wafanyavyo wengi wetu. Alikwenda Pumwani, katika shule ya sekondari ya mtaa ule, akawa mwalimu wa kawaida. Si mkuu tena. Kengele sasa inapigwa kwa amri ya mwingine, naye aingie darasani na chaki yake.

Na Pumwani haikuwa mahali pepesi kwa Mwingereza. Ni mtaa ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa mjini wawekwe mbali na Wazungu. Aprili 1954 majeshi yaliizingira mitaa ya Eastlands, yakawakusanya watu kwa maelfu na kuwapeleka kambini. Miaka minane tu ilikuwa imepita. Watoto aliowafundisha waliyaona hayo wakiwa wadogo, na waliotenda walikuwa na rangi kama yake. Wala hawa hawakuwa lulu zilizochaguliwa nchi nzima. Walikuwa watoto wa mtaa.

Uhuru ulikuja Desemba 1963. Wanafunzi wake wa zamani wakaingia wizarani, wakapeperushiwa bendera kwenye magari, na yeye akaendelea kushika chaki Pumwani. Alifundisha huko hadi mauti yalipomfika, Jumatano tarehe 27 Julai 1966. Jumamosi iliyofuata Uingereza ilitwaa Kombe la Dunia. Mpenda mpira yule aliikosa kwa siku tatu.

Mbona nayaeleza haya leo? Nimekwisha kukomaa katika kazi hii, na tangu mwanzo wa mwaka nimeombwa kwa adabu nimwachie kijana mmoja meza ya uhariri wa mashairi, nami nibaki mwandishi kama waandishi wengine. Kijana ni hodari. Vina na mizani anavijua. Nimetoa visingizio vya kila namna: mara mafaili hayajapangwa, mara namsubiri mshairi fulani wa Lamu alete kazi yake.

Wiki iliyopita nilikwenda Majengo kumzuru jamaa, nikapita Pumwani saa ya kutoka shule. Watoto walikuwa wakimiminika njiani na mikoba mgongoni, wakipigana makumbo, wakicheka. Nilisimama hata wakaisha. Funguo za meza zilikuwa mfukoni mwangu, na niandikapo haya zingalimo.