Soichiro Honda Hakuidharau Shule

Aendaye kutoka Ukunda hadi ufuo unaokikabili kisiwa cha Chale siku hizi aghalabu hupanda bodaboda. Pikipiki hizo, nyingi zikiwa za India na Uchina, zina deni kwa Mjapani mmoja aliyeonyesha ulimwengu kuwa chombo kidogo, imara na cha bei nafuu chaweza kuundwa. Huyo ni Soichiro Honda. Wapo vijana wanaomtaja kuwa ushahidi kwamba shule haina faida. Maisha yake hayasemi hivyo.

Alizaliwa mwaka 1906 karibu na mji wa Hamamatsu, mwana wa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Akiwa na miaka 15 alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika karakana ya magari. Baadaye alijaribu kuunda ringi za pistoni, nazo zikakataliwa kwa ubovu. Akatambua kuwa mkono hodari peke yake haukumtosha: hakuijua tabia ya chuma. Basi, akiwa mtu mzima, akaingia chuo cha ufundi. Mitihani hakuifanya, kwa kuwa alichokitafuta ni elimu, si cheti.

Baada ya vita usafiri wa Japani ulikuwa wa taabu. Mwaka 1946 Honda alitwaa injini ndogo za mitambo ya redio ya jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Alianzisha kampuni yake mwaka 1948, na mwaka uliofuata Takeo Fujisawa akajiunga naye kusimamia biashara. Mwaka 1958 wakatoa Super Cub, yenye injini ya sentimita 50 za ujazo, klachi isiyohitaji mkono, na kinga ya kuzuia matope miguuni. Mpeleka chakula aliweza kuiendesha kwa mkono mmoja. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100. Honda alistaafu mwaka 1973, akafariki mwaka 1991.

Vijana wa Diani na Msambweni ni hodari wa kuendesha na kukarabati. Wanajua jinsi chumvi ya bahari ilavyo chuma na mchanga ulavyo mnyororo. Ujuzi huo ni mtaji, lakini hauna budi kukutana na fizikia na kemia. Mwalimu na aifungue injini mbele ya wanafunzi wake. Na fundi wa kando ya njia asione haya kurudi darasani, kama alivyorudi Honda.