Holter: Aliyeufuata moyo hadi nje ya hospitali

Mkulima apandaye mteremko wa Manga, Nyamira, akiwa na mkungu wa ndizi huenda akahisi moyo ukimwenda mbio na kichwa kikimzunguka. Afikapo hospitalini mjini Kisii saa kadhaa baadaye, mapigo yameshatulia na mtambo hauonyeshi kasoro yoyote.

Fumbo hilo ndilo lililomshughulisha Norman Holter, mwanasayansi aliyezaliwa mjini Helena, Marekani, mwaka wa 1914. Holter hakuwa daktari. Alisomea kemia na fizikia. Enzi hizo, umeme wa moyo ulipimwa kwa muda mfupi tu, mgonjwa akiwa amelala kitandani. Holter alishikilia kwamba moyo sharti uchunguzwe mtu akiwa katika shughuli zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, alijitwika mgongoni redio ya takribani kilo 38, karibu nusu gunia la mahindi, akaendesha baiskeli isiyosogea huku mapigo yake yakirushwa hewani. Miaka ilivyosonga, mzigo huo ulipungua ukawa kifaa kidogo chenye utepe wa kunasa mapigo kwa saa nyingi. Matokeo aliyachapisha katika jarida la Science mwaka wa 1961.

Holter aliaga dunia mwaka wa 1983. Kifaa hicho kingali kinaitwa kwa jina lake, na saa za mkononi zinazomwonya mvaaji mapigo yanapokwenda kombo zimefuata njia aliyoifungua. Kasoro iliyojificha mbele ya daktari sasa yaweza kunaswa papo hapo mlimani.