Bwana Emory na Mto Uliohama

Wasomaji wetu, watu wengi hudhani ya kuwa mpaka ukiwa mto hauna matata, kwani kila mtu auona kwa macho. Bwana William Emory wa Marekani angetucheka. Mimi hufundisha Jiografia, na katika wapima nchi wote huyu ndiye nimpendaye.

Alizaliwa Maryland mwaka 1811, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1831, kisha akaingia kikosi cha maofisa wachora ramani. Vita vya Marekani na Meksiko vilipokwisha, mkataba wa mwaka 1848 uliufanya mto Rio Grande kuwa mpaka. Lakini ramani iliyotumiwa, ya Bwana Disturnell, ilikuwa mbovu: mji wa El Paso uliwekwa kaskazini mno, zaidi ya maili 30. Hebu fikirini, nchi kugawanywa kwa karatasi ya namna hiyo!

Mwaka 1851 Emory alipofika El Paso alikuta kazi imekwama na fedha hamna. Hata hivyo aliwagawia watu wake mto ule, maili zaidi ya 1,200 hadi baharini. Wengine walipita katika makorongo yenye kuta ndefu za mawe, na usiku nyota zilitazamwa kwa darubini ili wajue mahali walipo. Bwana José Salazar Ylarregui aliipimia Meksiko.

Karibu na bahari nchi ni tambarare ya malisho. Huko tangu mwaka 1767 Wahispania waligawa mashamba membamba marefu, kila moja likigusa mto, ili mifugo ya kila mtu ipate maji. Basi mto ukihama, mwenye shamba amepoteza maji tu, au na nchi yake pia? Sisi tuliokulia kando ya mito twajua kwamba masika moja hula ukingo huu na kuongeza ule. Mwaka 1856 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Caleb Cushing, alitoa maoni kwamba mto ukihama polepole mpaka huhama nao, bali ukiruka ghafula mpaka hubaki palepale.

Emory alikufa mwaka 1887. Wakati huo mto wa El Paso ulikwisha kuelekea kusini, hasa kwa mafuriko ya mwaka 1864, ukaiacha nchi iitwayo Chamizal upande wa Marekani. Waamuzi wa mwaka 1911 waliutaja katika hukumu yao mstari waliopima Emory na Salazar mwaka 1852, lakini Marekani ilikataa hukumu yao. Ugomvi ulikwisha kwa mkataba wa mwaka 1963: Meksiko ikapata sehemu kubwa ya nchi ile, na mto ukajengewa mfereji wa saruji.